Golemu, Kiumbe wa Udongo Asiyesema: Je, Ulimi Ndio Unaomfanya Mtu Awe Mtu?



Kila frateri anayeanza falsafa hukutana mapema na fundisho la Aristotle kwamba mwanadamu ni mnyama mwenye akili. Mwalimu akishalifafanua, huongeza kwamba neno la Kigiriki linalotumika hapo, logos, lina maana mbili: akili, na neno linalotamkwa. Tuliyaandika hayo madaftarini, tukayajibia mtihani, tukafaulu. Ugumu wake tuliuona baadaye, nje ya darasa.

Likizo iliyopita tulipangiwa utume katika kigango kimoja, kuwaandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Kati yao alikuwamo mvulana wa miaka 11 asiyesema. Hakuwa mtu wa maneno machache. Hakusema kabisa, na hatukujua anasikia kwa kiasi gani. Siku ya kuwahoji, kila mtoto alisimama akajibu maswali ya katekisimu. Yeye alisimama akatutazama. Tukamngoja kidogo, tukaweka alama mbele ya jina lake kwamba arudie mwakani, tukamwita anayefuata. Mama yake hakulalamika. Alimshika mkono, wakaondoka.

Tuliporudi seminarini, katika kusoma habari za roho na mwili, tulikutana na hadithi ya zamani ya Wayahudi kuhusu mtu wa udongo aliyepimwa kwa swali moja, akashindwa kujibu, akarudishwa mavumbini. Tulipofika hapo tuliikumbuka ile alama. Ndiyo sababu ya makala haya.

Donge lililoonwa na Mungu

Kiumbe huyo anaitwa golemu, kwa Kiebrania golem. Katika Biblia nzima ya Kiebrania neno hilo limetumika mara moja tu, katika Zaburi 139:16. Mwimbaji anamsifu Mungu aliyemtengeneza tumboni mwa mama yake, na anakiri kwamba macho ya Mungu yalimwona alipokuwa bado golemu, yaani kitu ambacho hakijakamilika, donge ambalo viungo vyake havijaonekana. Tuliangalie vizuri jambo hili, kwa maana hadithi zilizokuja baadaye zilikaribia kulisahau: anayeitwa golemu katika Zaburi ni mtoto aliye tumboni, na anayelitamka neno hilo ni mtoto huyohuyo baada ya kukua, akijisema mwenyewe.

Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa sheria na mafundisho ya marabi, inalitumia neno hilo pia kwa Adamu. Katika sehemu iitwayo Sanhedrin marabi wanaigawa siku ya kuumbwa kwake kwa saa. Saa ya kwanza mavumbi yalikusanywa. Saa ya pili akawa golemu. Saa ya tatu viungo vyake vikanyooshwa, ya nne akatiwa roho, ya tano akasimama kwa miguu yake, na saa ya sita akawapa wanyama majina. Hii ni namna ya marabi ya kuisoma Mwanzo sura ya pili, na hatuna haja ya kuihesabu kwa saa ya ukutani. Lakini tuutunze mpangilio wake, kwa sababu tutaurudia: roho saa ya nne, maneno saa ya sita.

Swali la Rabi Zeira

Katika Sanhedrin hiyohiyo kuna kisa kifupi mno, mistari michache tu. Rava, mwalimu mkubwa wa Babeli katika karne ya 4 baada ya Kristo, aliumba mtu, akamtuma kwa Rabi Zeira. Rabi Zeira akazungumza naye. Hakujibu. Rabi Zeira akatambua kwamba huyu ni kazi ya wenzake wasomi, akamwamuru arudi mavumbini kwake. Kisa kimeishia hapo. Kinachofuata ni habari za marabi wawili waliokuwa wakijifunza elimu ya uumbaji kila mkesha wa Sabato, wakatengeneza ndama, wakamla. (Darasani kwetu kisa cha ndama ndicho kilichozua maswali mengi zaidi, hasa siku ya Ijumaa jikoni palipokuwa na maharage tu.)

Maana ya jambo zima imetangulizwa na Rava mwenyewe. Alifundisha kwamba wenye haki wangeweza hata kuumba ulimwengu kama wangetaka, lakini dhambi ndizo zinazowatenga na Mungu, akitegemea Isaya sura ya 59. Kwa hiyo mtu wa Rava ni mtu wa pungufu. Amefanywa na mwenye haki, ila si mwenye haki mkamilifu, na upungufu wa fundi umejitokeza katika kazi yake. Mungu alimpulizia Adamu pumzi, na Adamu akawapa wanyama majina. Rava alitengeneza mwili unaotembea na kubeba ujumbe, na maneno hayakutoka.

Katika Zama za Kati Wayahudi wacha Mungu wa Ujerumani walilitafakari jambo hili kwa undani zaidi. Eleazar wa Worms, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ile ya 13, aliandika maelezo ya namna ya kuchukua udongo usiowahi kulimwa na kuuzunguka huku herufi za alfabeti ya Kiebrania zikitamkwa kwa kuunganishwa mbilimbili. Wataalamu wengi wanaona kwamba kwa watu hao jambo lenyewe lilikuwa sala na tafakari juu ya Muumba. Hawakuwa wakitafuta mtumishi wa kufagia nyumba.

Mtumishi alikuja baadaye, katika hadithi za Poland. Mwaka 1674 Christoph Arnold, msomi Mkristo wa Ujerumani, alichapisha habari alizozisikia: kwamba Wayahudi wa Poland hufinyanga mtu wa udongo, huandika kwenye paji la uso wake neno emet, yaani ukweli, na mtu huyo hufanya kazi za nyumbani pasipo kusema, akikua kila siku. Akizidi ukubwa, hufutwa herufi ya kwanza, linabaki met, maana yake amekufa, naye anaanguka kuwa udongo tena. Bwana mmoja alimwacha wake akakua mpaka paji likawa halifikiki. Akamwamuru ainame amvue viatu, akaifuta herufi, na rundo la udongo likamwangukia likamuua. Kisa hicho kilihusishwa na Rabi Elijah wa Chelm, aliyefariki mwaka 1583. Jacob Grimm, yule mkusanyaji wa hadithi wa Kijerumani, alichapisha muhtasari wake mwaka 1808, na tangu hapo golemu akawa mali ya waandishi wa Ulaya yote.

Fumbo la darini

Wengi waliowahi kusikia habari za golemu wameisikia ya Prague. Rabi Judah Loew, ajulikanaye pia kama Maharal, alizikwa mwaka 1609 katika makaburi ya kale ya Wayahudi mjini humo, na kaburi lake linatembelewa mpaka leo. Inasimuliwa kwamba alimfinyanga golemu kwa udongo wa kando ya mto Vltava na kumtia kinywani kikaratasi chenye Jina la Mungu. Kila Ijumaa jioni alikitoa ili golemu naye apumzike siku ya Sabato. Ijumaa moja akasahau. Golemu akapagawa, akaanza kubomoa. Rabi aliitwa kutoka sinagogi wakati zaburi ya Sabato inaimbwa, akakimbia, akakitoa kikaratasi, kisha zaburi ikaimbwa tena tangu mwanzo. Vipande vya udongo, wanasema, viko bado kwenye dari ya sinagogi kongwe la Altneuschul, lililojengwa karne ya 13, na dari hiyo haifunguliwi kwa watu.

Je, viko? Egon Erwin Kisch, mwandishi wa habari mzaliwa wa Prague, alipanda huko katika karne ya 20, akakuta vumbi na mbao. Vitabu vinatusaidia kuliko ngazi yake. Maharal aliandika vitabu vingi, na hakuna anamozungumzia kumfinyanga golemu wake. Mkutano wake na Kaisari Rudolf II mwaka 1592 ulitajwa na watu wa wakati wake; golemu hakutajwa. Hadithi ya Prague inaonekana katika maandishi yaliyochapishwa ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo cha rabi. Fumbo la darini, basi, halitupi shida. Linalotakiwa kutusumbua sisi Wakatoliki ni sura ya mwisho ya hadithi hiyo.

Mwaka 1909 Yudl Rosenberg, rabi wa Poland iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Urusi, alitoa kitabu akidai amekipata katika hati ya kale kutoka maktaba ya Metz. Wachunguzi wamekubaliana kwamba alikitunga mwenyewe. Katika kitabu chake golemu anaumbwa mwaka 1580 kwa kazi moja: kulinda. Nyakati za kukaribia Pasaka anapita mitaani usiku kumtafuta yeyote anayebeba maiti ya mtoto aiweke kwa siri katika nyumba ya Myahudi, ili kesho yake Wayahudi washitakiwe kwamba wamemuua kwa ajili ya damu yake.

Shitaka hilo hakulitunga Rosenberg. Tulilitunga sisi Wakristo. Lilianza Uingereza, baada ya mtoto mmoja kukutwa amekufa huko Norwich mwaka 1144, likaenea Ulaya. Papa Inosenti IV alilikataa kwa maandishi mwaka 1247, na waamini hawakumsikiliza. Huko Trent mwaka 1475 Wayahudi wa mji waliteswa na kuuawa kwa kifo cha mtoto Simon, na mtoto huyo akaheshimiwa kama mfiadini hadi Kanisa lilipoifuta ibada yake mwaka 1965. Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko Nostra Aetate, linalosikitikia chuki na mateso dhidi ya Wayahudi ya wakati wowote na kutoka kwa mtu yeyote. Rosenberg aliandika kati ya mauaji ya Kishinev ya mwaka 1903 na kesi ya Mendel Beilis wa Kiev, aliyekamatwa mwaka 1911 kwa shitaka lilelile na kuachiwa mwaka 1913. Watu wasio na jeshi wala hakimu waliota mlinzi wa udongo. Hatua chache kutoka sinagogi hilo lenye dari kuna sinagogi la Pinkas, na kuta zake zimeandikwa majina ya Wayahudi karibu 78,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Mtu akisimama pale, hadithi ya golemu haichekeshi.

Je, anahesabiwa?

Turudi kwenye swali letu. Rabi Zvi Ashkenazi, aliyefariki mwaka 1718, alikuwa wa ukoo wa yule Elijah wa Chelm, na labda kwa sababu hiyo alilichukulia jambo hili kwa uzito. Ili sala fulani za hadhara zisaliwe, sheria ya Kiyahudi inadai wanaume kumi. Akajiuliza: wakiwapo tisa na golemu mmoja, wametimia?

Tulidhani atajibu kwamba hapana, kwa kuwa golemu hasemi. Hakupita njia hiyo. Alianza na Rabi Zeira: je, alipomrudisha yule mtu mavumbini, aliua? Akajibu kwamba hakuua, kwa sababu katazo la kumwaga damu katika Mwanzo 9:6 linaweza kusomwa kwa Kiebrania kuwa linamhusu mtu aliyefanyika ndani ya mtu, yaani tumboni mwa mama, na mtu wa Rava hakupita tumboni. Akaongeza kwamba kama angefaa kuhesabiwa katika kumi, Rabi Zeira asingemwondoa duniani. Kwa hiyo haingii katika hesabu.

Sisi tunaweza kubishana naye hapa na pale. Adamu mwenyewe hakupita tumbo la mama. Hata hivyo rabi huyu aliona jambo ambalo sisi, na madaftari yetu ya Aristotle, tulilikosa kigangoni: ulimi hakuutaja. Aliuliza kiumbe huyu ametoka wapi. Na kwa jibu lake, mtoto aliye tumboni, yule golemu wa Zaburi, yuko upande wa watu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analieleza kwa msamiati mwingine. Kila kitu chenye mwili kina maada na umbo. Umbo kwa lugha ya falsafa si sura ya nje kama umbo la chungu. Ni kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilicho. Umbo la mwili wa mwanadamu ni roho yenye akili, na Mtaguso wa Vienne wa mwaka 1311 hadi 1312 ulilithibitisha fundisho hilo. Roho hiyo haitokani na maada. Thoma anasema inaletwa kwa kuumbwa tu, na anayeumba ni Mungu peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia hivyo katika namba 366: hata wazazi hawaizalishi. Kwa fundisho hili golemu haiwezekani kwa sababu iliyo wazi kabisa. Fundi anaweza kuchukua udongo bora, kupanga herufi zote 22 kwa utaratibu, na hata kuufanya mwili wake utembee. Roho haimo katika vitu alivyonavyo mkononi.

Kuna hatua ya pili, na ndiyo iliyotuhukumu. Kwa kumfuata Aristotle, Thoma anatofautisha tendo la kwanza na tendo la pili. Tendo la kwanza ni kuwa na kitu. Tendo la pili ni kukitumia. Fundi cherehani aliyelala ni fundi. Hashoni, sindano iko ukutani, lakini ufundi anao, na ukimwamsha hutasema sasa amekuwa fundi. Roho ni tendo la kwanza la mwili. Kufikiri, kuchagua na kusema ni matendo ya pili, na hayo yanaweza kucheleweshwa na utoto, kukatizwa na usingizi, au kuzuiwa na ugonjwa wa ubongo au wa masikio maisha yote, na roho isipungue hata kidogo. Ndipo tulipoukumbuka mpangilio wa marabi. Kuanzia saa ya nne hadi ya sita, Adamu alikuwa na roho na alikuwa hajasema neno. Angekutana na Rabi Zeira saa ya tano, ingekuwaje?

Tusimwonee Rabi Zeira. Yeye hakutunga sheria ya kuwapima watu wote. Alikuwa na mashaka juu ya mgeni mmoja, na alikuwa anawajua wenzake. Kosa ni letu tunaolichukua swali lake na kulipeleka kwa watoto wa watu.

Wenye ulimi na wasio nao

Hata nyumbani mwetu Wakatoliki kuna hadithi ya jirani na hii, iliyoenea muda mrefu baada ya wahusika kufariki. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Alberto Mkuu alitengeneza sanamu ya mtu iliyoweza kusema, na kwamba Thoma, mwanafunzi wake, aliivunja. Ni hadithi tu. Ila ukiiweka kando ya ile ya Talmudi unaona ajabu: mmoja anavunjwa kwa kutosema, mwingine anavunjwa ingawa anasema. Ulimi haukumsaidia.

Jambo hili si la Zama za Kati. Mwaka 1965 taasisi ya utafiti ya Weizmann huko Rehovot, Israeli, ilizindua kompyuta iliyoitwa Golemu wa Kwanza. Aliyependekeza jina hilo ni Gershom Scholem, mtaalamu mkubwa wa mafumbo ya dini ya Kiyahudi, na alitoa hotuba siku ya uzinduzi. Miaka 15 kabla yake Alan Turing, Mwingereza, alikuwa amependekeza kwamba mashine ipimwe kwa mazungumzo: ikijibu hivi kwamba mtu hawezi kuitofautisha na mwenzake, tuache kubishana kama inafikiri. Ni swali la Rabi Zeira limegeuzwa upande wa pili. Leo programu katika simu zinajibu maswali ya katekisimu haraka kuliko sisi, kwa Kiswahili sanifu. Hati Antiqua et Nova, iliyotolewa Vatikano tarehe 28 Januari 2025, inatuonya tusiipime akili ya binadamu kwa kazi inazoweza kufanya tu. Kama kipimo cha utu ni kujibu, simu ile ingefaulu siku ya mahojiano kigangoni, na mvulana yule angefeli. Ndivyo tulivyofanya hasa.

Msomaji wa kwetu atakuwa ameshauliza: je, golemu si msukule? Wanafanana kwa nje, kwa kuwa wote wanasimuliwa kuwa watumishi bubu wa usiku. Tofauti ni kubwa. Golemu hakuwahi kuwa mtu. Msukule, kwa wanaoamini habari hizo, ni mtu aliyechukuliwa na kunyang'anywa ulimi. Hatutaingia katika imani hiyo leo. Tunataja tu yale tuliyoyaona: mtu mwenye maradhi ya akili anapookotwa barabarani, haelezi ametoka wapi, watu hukusanyika wakisema msukule amerudi, na picha zinapigwa. Anayehitaji kuulizwa jina lake kwa upole na kupelekwa hospitali anageuzwa maonyesho, kwa sababu hajibu.

Lugha yetu, tukiisikiliza, ina busara hapa. Tunasema kiziwi, kipofu, kilema, kwa kiambishi kilekile cha kiti na kikombe. Lakini hakuna Mswahili asemaye "kiziwi kimekuja". Ni lazima aseme amekuja. Jina linamvuta kwenye vitu, sarufi inamrudisha kwa watu. Tulipoandika makala haya tulisita kila mara kama golemu aitwe huyu au hili, na mkiona tumemwita huyu, mtusamehe. Ni mazoea ya hadithi.

Yuko Mkatoliki mmoja aliyelijibu swali letu kwa kazi. Katika karne ya 16, ambayo hadithi inasema golemu alikuwa akitembea Prague, aliishi Hispania Pedro Ponce de León, mmonaki Mbenediktini wa monasteri ya Oña, aliyefariki mwaka 1584. Wakati huo wengi waliamini kwamba aliyezaliwa kiziwi hafundishiki, na asiyesema aliwekewa vikwazo vya kisheria hata katika urithi. Familia ya kikabaila ya Velasco ilikuwa na watoto viziwi, wakapelekwa monasterini. Ponce aliwafundisha kuandika, akiwaonyesha vitu na majina yake, na kutoka katika maandishi akawafikisha kwenye kutamka. Hakungoja wajibu ndipo aamini kwamba kuna mtu ndani. Alianza na kuamini, na majibu yakaja baada ya miaka ya kazi.

Sheria ya Kanisa nayo haiko mbali na Ponce. Kanuni ya 913 inadai kwamba watoto wanaopokea Ekaristi wawe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mema, ili walielewe fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wao. Tuliisoma kanuni hiyo kabla ya kwenda kigangoni. Maneno ya mwisho, ya kadiri ya uwezo wao, tuliyapita mbio.

Katika likizo ya Pasaka wawili kati yetu walirudi kule na kumweleza paroko. Hakutukemea. Alimwita mama, akamwuliza mtoto anafanya nini kanisani. Mama akasema: kengele ikilia wakati wa mageuzo, humziba mdogo wake mdomo kwa kiganja, na hamwachii mpaka kikombe kishushwe. Anafanya hivyo tangu mdogo wake alipoanza kusema. Paroko akauliza kama kuna aliyemfundisha. Mama akasema hapana.

Sasa katekista mmoja wa parokia, ambaye ana ndugu kiziwi, anamfundisha kwa picha na ishara kila Jumamosi. Jina lake limo katika orodha ya mwaka huu, limeandikwa la tatu kwa kufuata alfabeti, na mbele yake hakuna alama.